Mwachie Pindo

Alikuja kibandani kwangu, Soko la Uhuru,
siku ya mvua, saa nne asubuhi,
koti la marehemu baba yake kwapani
na mrija wa ramani begani kama bunduki.
"Nipunguzie mabega," akasema. "Nataka livalike."

Jerotich, msanifu wa majengo.
Baba alikuwa mwashi, koti hili
alilivaa siku za benki tu.
Kibandiko cha shingoni kilitaja duka la Biashara Street
lililofungwa mimi nikiwa bado najifunza kutia uzi.

Nikalifumua. Nyuma ya bitana
turubai, singa za farasi, mishono ya mshazari
mia mbili na ushei kwenye kola peke yake,
kazi ya mtu aliyejua hakuna atakayeitazama.
Akapitisha kidole polepole.
"Hizi ni nondo," akasema.
Ni uzi tu, mama, nikamwambia,
ila ndio unaolisimamisha koti mwenyewe akichoka.

Nikamwonyesha kitambaa kilivyo bapa mezani:
hakina kifua, hakina kiuno, hakimjui mtu.
Kibane hapa, shona mkunjo
unaoanza na upana wa kidole
ukaishia nchani, pasipo kitu,
nacho kinainuka. Kinapata chumba.
Yeye akachomoa karatasi kwenye mrija,
akaikunja palepale juu ya chaki zangu:
paa. Paa lisilo na nguzo hata moja.
Tukacheka kama watu wanaogundua
wanadaiwa na duka moja.

Kisha tukagombana, kuhusu ufa.
Usipoziba ufa, alianza,
nikamkata: waliosema hivyo hawakumshonea sketi
mwanamke wa kupanda ngazi.
Mimi ufa nauacha makusudi, nauita mpasuo,
naufunga kichwani kwa mshono wa mara tatu
usije ukapanda ukamwaibisha mtu.
Akaandika. Naye si wa kuandika hovyo.

Mvua ilipopungua akasimama mlangoni,
akaelekeza kalamu upande wa Hamza.
"Tazama. Nondo zimechomoza juu ya kila paa,
zimeshika kutu, kama nywele za mtu aliyeamka vibaya.
Huu ni mji ambao hakuna aliyeukata nyuzi."

Sikumjibu kwa mdomo.
Nilichukua sketi ya shule, ya mtoto wa darasa la nne,
mama yake bado analipa mia mia,
nikaigeuza ndani nje.
Vidole vinne vya kitambaa, vimekunjwa, vimefichwa.
Siku ya kipimo mama mtu alinishika mkono:
mwachie pindo, atakua.

"Zile nondo," nikasema, "ni pindo.
Mwenye nyumba amekwisha hela, hajaisha kukua.
Ana binti kidato cha pili.
Ana zamu yake ya chama, Oktoba."

Maji yalidondoka kwenye bati, mara moja,
halafu mara mbili.
Akauliza bei ya mabega.

Koti alilichukua Ijumaa.
Nilipunguza, ila sikukata:
nilikunja kwa ndani, inchi moja kila upande.
Nani ajuaye atamrithisha nani.

Mwaka umepita. Juzi nikapata picha:
ghorofa tatu, Kayole,
na juu kabisa, badala ya kutu,
nondo zimepangwa, zimepakwa rangi ya chungwa,
zimeinamishwa kuelekea ndani,
na katikati yake kamba, na kwenye kamba
mashuka ya watu, soksi, sketi moja ya shule.
Mhandisi alimwambia ni ushamba.
Mwenye jengo alilia gharama, kisha akalipa.
Chini ya picha kaandika neno moja
ambalo sikuhitaji kusomewa.

Nimeibandika ukutani, karibu na kioo.
Wateja wanadhani ni kalenda.