Pengo Moja

Laptopu yangu ilikufa kwa mbege.
Harusi ya Kibosho, mjomba mmoja wa bwana harusi,
kata moja iliyoteleza juu ya kibodi,
nami nikajua kuwa ulezi nao huua.

Kilichopona ni hiki kidude:
chembamba, kirefu kama kidole cha shahada,
chepesi kuliko ufunguo wa kufuli,
tera nzima ndani yake na hakina pa kukaa.
Laptopu mpya ina chumba kimoja, nacho kina mwenyewe.
Miezi mitatu kimelala kwenye kopo la majani ya chai,
kimeviringishwa tishu kama jino la mtoto
linalongoja kutupwa juu ya paa.

Jumamosi nikakitoa, nikashuka nacho mjini.

"Nataka kasha. La nje. Lenye spidi."
"Spidi ndiyo hii," akasema wa kwanza, pale Kiusa,
akipuliza vumbi kwenye boksi lililochorwa radi.
"Elfu kumi na tano. Roketi."
Roketi likagoma. Lilitaka mapengo mawili,
changu kina moja.
"Kisugue na msasa kidogo, kitaingia."
Nikamshukuru, nikatoka kabla hajauona msasa ulipo.

Wa pili alikuwa na makasha ya zile diski za kale,
zinazozunguka na kulia kama mashine ya kusaga.
Wa tatu alikuwa ameenda kula.

Kwenye kona ya barabara ya Mawenzi,
nyuma ya kioo chenye nyufa za simu za watu,
Aikande alikuwa na lenzi jichoni.
Hakuitaja spidi. Aliuliza,
"Haraka ya nani?"

Nikamwambia: ya mama wa bibi harusi.

Akakishika kwa kingo, kama mtu anayeshika picha mbichi.
"Pengo moja. Huyu ni mkimbiaji,
wanataka kumvalisha ndala."
Akanitolea kasha la aluminiamu, limetoka mbavu
kama ng'ombe wa kiangazi.
Elfu hamsini na tano. Nilishuka hadi hamsini, akagoma hapo.
"Likichemka usishtuke. Ni jasho."

Nyumbani Pasua nikachomeka.
Arobaini.
Megabaiti arobaini kwa sekunde, giga mia mbili zikipita
moja moja, kama watu kwenye foleni ya maiti.
Saa moja na nusu, kompyuta ikasema, kisha ikajirekebisha:
karibu mbili.
Na simu inaita. "Basi la Mwanza linaondoka saa kumi na moja alfajiri,
na mwanangu anaondoka na filamu yake
au naja kukaa kwako mimi mwenyewe."

Haraka haraka haina baraka, walisema.
Waliosema hawakuwahi kudaiwa na mama huyu.

Nikampigia Aikande: umeniuzia konokono.
Kimya. Nasikia bisibisi ikiwekwa mezani.
"Umetumia waya gani?"
Mweupe. Wa kuchajia simu.
"Kaka. Huo ni mrija wa juisi,
wewe unataka kupitishia mto.
Angalia kwenye boksi, chini ya karatasi."

Chini ya karatasi, ile niliyoitupa bila kuisoma,
waya mweusi, mnene, mfupi kama shibiri,
hauna uzuri wowote.

Mia tisa.

Nilikuwa nimebandika maji ya chai. Hayakuwahi kuchemka.
Dakika nne: maandamano ya ndafu, shangazi na vitenge,
padri akipiga chafya, keki, hotuba ndefu ya mshenga,
vyote vimehamia kwenye kitu kinachojaa kiganjani,
cha moto kidogo, kama yai lililotoka kuatamiwa.

Nikafungua faili la mwisho, kuhakikisha tu.
Kamera ilikuwa kwenye miguu yake, inatazama meza yangu.
Na yeye yumo, mjomba, anatokea kulia,
amevaa koti la kijani, anacheka na mtu nisiyemwona,
kata imejaa mpaka ukingoni,
anakuja.