Kufuga Maji

Usimwite samaki, anasema Nicanor, hununa.
Sijui anayenuna ni mnyama au ni yeye.
Ndani ya beseni la bluu, soko la Xochimilco,
aholote anatutazama kwa macho yasiyo na kope,
anachekea jambo alilolisikia zamani.
Matamvua sita mekundu yanapepea shingoni
kama ya shali tuliyomzika nayo mama.

Zenaida kachuchumaa, sketi imelowa.
Akikatika mguu, anasema Nicanor, huota mwingine,
kidole kwa kidole.
Zenaida anageuka, anamtazama baba yake,
hasemi kitu.
Viwili vya baba yake vilibaki kiwandani.
Mkono anautia mfukoni.

Mimi nauliza ya jikoni. Anakula nini?
Nyungunyungu.
Nimwekee changarawe? Ataimeza.
Mwenzake? Atamtafuna.
Na maji?
Nyuzi kumi na sita. Yakipata moto, anaugua.

Sisi tunakaa Iztapalapa, ghorofa ya tano, chini ya bati;
mwezi wa Aprili hata sabuni hulainika kwenye kisahani.
Na huyu hakui, Nicanor anaongeza kwa fahari,
huzeeka akiwa mtoto. Miaka kumi, pengine kumi na mitano.
Nahesabu. Zenaida atakuwa na ishirini na mitatu,
atakuwa kwa watu, nami nitabaki na huyu,
tukizeeka pamoja, mmoja wetu akikataa.
Maji haya nikiyavulia nguo
nitayaoga hadi mvi.
Nikafungua pochi. Nikaifunga. Nikaifungua.

Tukarudi na tangi tu, magotini, ndani ya treni,
watu wakichungulia kioo wasione kitu.
Fuga maji kwanza, alituambia Nicanor, wiki sita,
maji nayo hukomaa.

Basi tunafuga maji.
Tunayapima kwa matone, yanageuka kijani, yanageuka manjano.
Tunayapoza kwa chupa za barafu za jirani, Doña Eduviges,
ambaye anataka kujua ni nani mgonjwa.
Zenaida huyaamkia kabla hajaniamkia mimi.
Leo kipimajoto kimesema kumi na tisa.
Bado, namwambia.

Jana usiku niliamka nikamkuta baba yake
ameketi gizani mbele ya tangi,
kiganja cha vidole vitatu juu ya kioo,
ametulia tuli,
kama mtu anayesubiri kitu kiote.