Marejesho

Tuliinunua kwa mkopo wa SACCOS ya walimu,
ndiyo maana ubavuni imeandikwa MAREJESHO,
mkono wa Kileo, fundi friji, rangi ya friji.
Karani wa bandari alituuliza mara mbili:
"Moroni? Nyie wawili? Kwa hiki?"
Kileo akakigonga hicho kwa kidole
kama anayechagua tikiti maji.

Jumanne tukatoka Msasani
na madumu manne, ndimu, dawa zangu za presha,
daftari la chaki ya mwisho, siku niliyostaafu,
na mwavuli, ambao hadi leo hakuna anayekiri kuubeba.

Maghorofa ya Posta yalizama kuanzia miguuni.
Saa saba simu ikashtuka, ujumbe wa Aikande:
*Mama, gesi mlifunga?*
Nikaandika *Ndiyo*. Mtandao ulishakatika.
Nikabaki na Ndiyo yangu mkononi,
maili mia nne kasoro, na sina hakika nayo.

Zamu za saa tatu tatu.
Miaka thelathini na moja kitanda kimoja,
sasa joto lake nalikuta kwenye blanketi, mwenyewe hayupo.
Tunapishana mlangoni kama walinzi wa benki:
"Upepo?"
"Uleule."
"Meli?"
"Hamna."
Anavua koti, navaa koti,
bega lake bado limo ndani.

Usiku wa pili, maji miguuni.
Yakiwa ya chumvi, boti imetoboka.
Yakiwa matamu, ni tangi.
Kileo alichovya kidole, akalamba,
nami nikamtazama mdomo
kuliko nilivyowahi kuutazama tukiwa wachumba.
"Matamu," akasema, akacheka,
kisha cheko likamkatikia:
tulikuwa tumesimama kwenye maji yetu ya kunywa.

Tukayachota kwa kikombe cha chai.
Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani:
niliikariri Mbokomu, mtoto wa migombani,
nikiamini Ngamani ni mji, una soko na stendi.
Nimefika sasa.
Ni mji mdogo. Unanuka dizeli.
Wakazi wake wawili, wamepiga magoti.

Siku ya tatu upepo ukatugeukia usoni.
"Itabidi tubishe," akasema.
Nyumbani kubisha ni kazi yangu, yake ni kununa.
Huku ukibisha unasogea:
kushoto hadi mkono ufe ganzi,
kulia hadi ufe wa pili,
kutwa nzima, na tulichovuna ni maili kumi na moja.
Sikumwambia kwamba niliifurahia.
Alijua. Nilikuwa naimba vibaya.

Daftarini mimi ni mwalimu wa hesabu:
saa, uelekeo, kasi, nukta, mstari kwa rula.
Yeye: *Sawa.* Chini yake: *Sawa.* Chini yake: *Sawa.*
Moroni tulipofunga kamba, nikihesabu sawa zake,
nikakuta hii, herufi zimelala:
*Saa nane usiku. Meli ya makontena. Karibu mno,
nimeiona kutu. Sikukuamsha.
Ulikuwa unakoroma vizuri.*
Mstari unaofuata umefutwa
kwa nguvu hadi karatasi ikachanika.
Sijauliza. Nimegeuza ukurasa nikatazama
upande wa pili wa tundu.

Gesi haikuwa imefungwa.
Ilikuwa imeisha tu, mtungi mwepesi kama debe,
Tabata yetu imesimama kwa bahati hiyo.

Na jana saa tisa usiku nikaamka bila kuamshwa.
Upande wake, joto, na mtu hayupo.
Alikuwa barazani kwenye ndoo iliyopinduliwa,
koti limefungwa hadi shingoni, joto lote hili,
akilinda geti la jirani.
"Upepo?" nikauliza.
Akafikiri kwanza.
"Hamna kabisa," akasema,
akaanza kufungua vifungo.