Safu ya Kutoka

Saa nane usiku, Barabara ya Kirinyaga.
Chini, mafundi wamezilaza nyundo;
juu ya duka la beringi, ghorofa ya tatu,
nachomoa waya wa mlango wa tano,
nachomeka,
nachomoa.
Taa ya kijani inazima, inawaka.
Swichi ya milango minane, ubavu umebanwa kwa utepe
tangu siku Mutuku alipoiangusha.

Kiendeshi tulikiandika wawili.
Kasoro zake nazijua kwa majina.

Kiolesura kikijiunga na daraja, kiini hupiga mbiu;
kiendeshi husikia, huandika jina,
huongeza moja kwenye hesabu.
Kikibadili jina, jana "tano", leo "maabara",
husikia, hufuta, huandika. Hapo sidaiwi.
Ila kikiondoka ghafla,
kiking'olewa kabla ya kushushwa,
ile moja husalia.
Na mashine nzima hukwama, kila sekunde kumi
ikiandika: nangoja maabara iachiliwe, hesabu ni moja.
Nangoja. Hesabu ni moja.

Nashuka kupunga hewa. Langoni Odanga
ananisukumia kaunta buku, kalamu imefungwa kwa uzi:
jina, kitambulisho, aendako, saa ya kuingia,
saa ya kutoka.
Safu ya mwisho ina mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba.
"Huyu Jerotich aliingia Februari. Hajatoka?"
"Kitabuni hajatoka."
Anacheka, anakohoa. "Alipopita nilikuwa nimeenda msalani.
Niliporudi nikauliza, kuna Jerotich huku? Wakasema hakuna.
Sasa asiyekuwepo, utamwandikaje?"

Napanda ngazi mbili mbili.
Mstari wa mia nne na kumi: kiolesura nakifuta kwanza orodhani,
kisha nakiuliza, wewe ni wetu?
Nacho kinajibu ukweli: hapana,
nami narudi bila kupunguza kitu.

Nageuza mistari miwili. Nakusanya upya, nangoja, nang'oa.
Hesabu ni sifuri.
Kimya. Kisha bomba la msalani linakohoa:
maji ya mgao yamefika.

Jina la Mutuku lingali juu kabisa ya faili.
Aliondoka Ijumaa moja, hakukabidhi hata funguo.
Kikombe chake nakiosha kila Jumatatu.
Hicho sijui mbiu yake hupigwa wapi.