Bado, kwa Mbali

Miaka kumi na tisa nilipanga madaraja ya tumbaku
ghalani Urambo, pua yangu ndiyo mizani:
jani la juu, jani la chini, lililobabuka banini.
Jioni Nyamizi, mwanangu, hujichomoa kifuani:
"Mama, unanuka kazi."

Nilipopeleka barua ya kuacha
karani aliuliza mara mbili nani kafariki.

Sasa nina pipa lililosuguliwa kwa majivu,
bomba la shaba la fundi Masesa. Linavuja kwenye kiungo,
nimeliziba kwa unga wa muhogo.
Gunia zima la mchaichai, moto wa saa nne,
na mafuta hayajazi vijiko viwili.

Shemeji hucheka: kaacha mshahara, anauza mvuke.

Jana mke wa mwalimu alipaka tone kwenye kipaji,
akanyamaza. Akavua viatu.
Akalala kwenye benchi langu mpaka adhana ya alasiri.
Hakununua kitu. Nilimfunika khanga.

Usiku Nyamizi hupitisha pua shingoni mwangu
taratibu, kama mkaguzi wa kampuni,
kisha husema: tumbaku bado ipo,
kwa mbali.