Mkwaju

Ibra tunaiacha kabla ya adhana,
mtoto kalala kiti cha nyuma, kofia imemwangukia puani,
nami nahesabu: saa moja na nusu mpaka Maskati,
saa nne za dripu, saa moja na nusu kurudi.
Kalenda yangu haina miezi tena.
Ina Alhamisi za chupa.

Kabla ya hapo nilikuwa na miaka minne ya "atakua".
Sikio likatoka usaha: atakua.
Pafu la kushoto, la kulia, la kushoto tena:
atakua, bibie, watoto wote huugua.
Wifi yangu akasema nimemfungia ndani kama mwari.
Kabati la jikoni likajaa dawa za rangi ya waridi
zenye ladha ya ndizi isiyoota shamba lolote.

Aliyeona hakuwa daktari.
Alikuwa Leelamma, nesi wa zamu ya usiku.
Alimulika tochi kinywani, akanyamaza,
akamulika tena.
"Mbona hana mafindofindo?"
Koo la mwanangu lilikuwa lango lisilo bawabu.
Akaniandikia jina la daktari kiganjani, kwa kalamu ya buluu,
akiogopa karatasi nitaipoteza.
Alfajiri ile niliuchelewesha udhu
mpaka nilipolinakili.

Daktari Ruqaiya hakuanza na mtoto.
Alichora.
Duara ni mwanamke, mraba ni mwanamume.
Huyu wewe. Huyu mama yako.
Kwenu kuna wavulana waliofariki wadogo?
Nikasema hakuna.
Kisha nikampigia mama, simu juu ya meza, sauti wazi.

Bi Shinuna, ambaye hata usingizini husema,
alikaa kimya nikadhani mtandao umekata.
"Khalfani. Miezi tisa.
Hamdani, alishaanza kutamka 'maji'.
Na Mbarouk, kule Unguja, kabla hatujaja huku.
Alikuwa na meno mawili.
Watu walisema kijicho, tukafukiza ubani.
Mimi nilijua ni maziwa yangu."

Miaka hamsini alijua ni maziwa yake.
Daktari akainamia simu:
"Hapana, mama. Maziwa yako hayakuwadhuru.
Yaliwapigania."
Upande wa pili tulisikia bomba la maji likifunguliwa,
likaachwa limwagike.

Miraba mitatu, kila mmoja umepigwa mkwaju.
Mkwaju niliujua kwa masimulizi tu, ule wa uani Unguja,
ukwaju wake mama huukumbuka mpaka mate yanamtoka.
Huu wa karatasi hauna kivuli.
Na katikati ya duara langu, nukta.
Hiyo haiumi. Hupitishwa.

Walisema wahenga nguo ya kuazima haisitiri matako.
Waje wodini Alhamisi.
Ndani ya chupa hii mna kinga za watu elfu na ushei:
mtu aliyeugua surua akapona,
dereva aliyekohoa kipupwe kizima,
mwanamke wa mji nisioujua, alichanjwa
akalalamika mkono siku mbili.
Kumbukumbu za miili yao zinadondoka, tone, tone,
katika mkono mwembamba wa Azzani,
zikamsitiri siku ishirini.
Ya ishirini na moja huanza kukohoa,
nami nishajaza petroli.

Siku ya Idi wageni wanagusanisha pua.
Yeye huweka mkono kifuani na kuinama, kama balozi.
Wifi bado anaona ni maringo.

Jioni, njiani kurudi, dada yake Thuraya, miaka tisa,
kaishika ile karatasi:
"Na duara langu, mama, mbona tupu?"
Bado hawajapima, nikasema,
macho yangu kwenye lori la mbele.
Akatoa kalamu mkobani, akalichorea nywele.
Kisha, polepole, gari likirukaruka,
akawachorea wajomba zake macho.