Kitabu Kisichoazimika

Mchwa walianza na jalada.
Walipofika ukurasa wa arobaini
ndipo tulipokitoa kidakani,
kimetoboka kama chujio.
Shangazi Mwanajabu hakulia. Alisema tu:
"Nitafutie kingine. Si mwasema simu ina kila kitu?"

Basi nimekaa dakani, Mkomani,
chaji asilimia kumi na tisa,
maduka mawili mbele yangu, yote hayana mlango.

La kwanza ni rahisi, bei ya nusu kilo ya kamba,
lakini kitabu kinakuja na kufuli.
Hununui kitabu, wanunua ruhusa ya kukitazama,
na mwenye duka, huko aliko,
siku akikunja mkeka wake
ataondoka na rafu yako.

La pili ni la kijana mmoja wa Mombasa. Ghali.
Hana kufuli, ila auza pidiefu tu:
kurasa zimeganda vile zilivyopigwa chapa,
ukwapi na utao kila mmoja kwake,
vina vimejipanga kama misumari ya mlango.
Unapendeza macho. Lakini herufi ni ufuta,
na ukizivuta zikue
nusu ya ubeti inatorokea nje ya kioo.

Lile la kufuli lauza ipabu.
Humo maneno ni maji, hujaa chombo ulichonacho.
Wataka herufi kubwa kama mahamri? Utapata.
Ila mshororo huvunjika
popote
unapochoka, na kina cha kati
huanguka chini peke yake,
mtoto aliyepotezana na mamake sokoni.

Shangazi ana mtoto wa jicho, la kulia.
La kushoto, asema, bado linadonoadonoa.
Nikamwonyesha kurasa za kuonja.
Pidiefu aliisogeza, akaisogeza,
mpaka pua ikagusa kioo.
"Nzuri," akasema,
"kama harusi unayoitazama kwa tundu la ufunguo."

Kisha ipabu. Akanyamaza.
Midomo ikaanza kwenda.
Pale mshororo ulipokatika hakukatika yeye;
pumzi yake ilikuwa yaijua njia,
ikakiokota kina pale kilipoanguka,
ikakirudisha kwao.

Nikalipa duka la kufuli, kwa Empesa,
na kinyongo changu kooni.

"Nikimaliza nimpe Swafiya wa Langoni?"
"Hakiazimiki, shangazi. Kimefungwa ndani ya simu hii."
Akanitazama kana kwamba nimemwambia
kwa jirani chumvi haiombwi.

Hiyo ilikuwa Jumatatu.
Alhamisi nampigia kumjulia hali,
simu yaita, yaita, inapokewa na Bi Swafiya:
"Mwanajabu yuko kwake. Mimi niko ubeti wa sitini.
Mpigie Jumapili, mwanangu.
Na hii waya ya chaji ni fupi,
haifiki kitandani. Niletee nyingine."